Siku Nilipompelekea Shangazi Msiba wa Kuigiza

Aibu yangu mtaa mzima unaijua, kwa hiyo kuificha hakunisaidii kitu. Hata mama anayeuza vitumbua pale Lipangalala akiniona asubuhi ananiuliza, "Leo umemzika nani?", halafu ananifungia vitumbua vyangu kama kawaida. Mimi ndiye niliyepeleka msiba wa kijana mzima wa afya nyumbani kwa mama yake, eti nafundisha sayansi.

Kwanza mjue mtaalamu mwenyewe ni nani. Maabara nafanya kazi, ndiyo, na koti jeupe ninalo, ila kazi yangu hasa ni kulisha viluwiluwi wa mbu na kubadilisha maji kwenye mabeseni yao (mtu muhimu sana, kama mnavyoona). Sasa shangazi yangu Atanazia, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, alipata uvimbe kwenye titi. Aliniambia mimi peke yangu, akaniapisha nisimwambie mwanawe Deo aliyekuwa kambi ya jeshi Chita akilitumikia taifa, na habari ya hospitali akaikataa katakata. "Hauniumi," alisema. "Kwa nini niuchokoze?" Nilibembeleza, nikanuna, nikagoma hata kula kwake, wapi. Niliogopa jamani, sina mama mwingine.

Katika kuhangaika ndipo nikasoma jinsi seli inavyoambiwa ife, nikajiona nimeshakuwa daktari bingwa. Ni hivi: seli ina vipokezi kwenye ngozi yake ya nje, na vingine kazi yake ni kupokea ujumbe wa kifo tu. Seli za kinga zinatuma mjumbe, mjumbe anavikamata vipokezi vitatu kwa pamoja, na vikishakusanyika tu, ndani wanaamka wabomoaji wanaoitwa kaspesi, wa kwanza anamwamsha wa pili, wa pili anaamsha kundi, na seli inajibomoa yenyewe kwa utaratibu, majirani wanakula mabaki, mwili wala haujui kama kuna aliyeondoka. Seli ya saratani sasa ni jeuri. Inapunguza vipokezi, au inaweka vya bandia ambavyo nyuma yake hakuna mtu, au inawafunga wale wabomoaji kamba, ujumbe unafika na yenyewe inaendelea kuzaana. Ndiyo maana inahitaji dawa, haingoji kubembelezwa.

Mtu mwenye akili angemkalisha shangazi akamweleza hayo kwa mdomo. Mimi nikaona niigize.

Mtaani kwetu taarifa ya msiba haiji na mtu mmoja. Akija mmoja huyo ni mgeni, anakaribishwa chai. Wakija watatu, asubuhi, wamevaa vizuri, wakakaa kimya, mwenye nyumba ameshaelewa. Nikasema, mbona vipokezi vitatu ndio hawa hawa? Nikamwomba mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, katibu wake na mwanajumuiya mwenzao Mama Fides waende Jumamosi kwa shangazi, wakae, wasiseme neno mpaka nifike kutoa somo. Nikawaambia shangazi nitamwandaa mwenyewe. Sikumwandaa, maana nilijua angekataa, na tena (hapa ndipo penye utaalamu) nilitaka aipate hali halisi.

Wakaenda. Mimi nikapitia kuazima spika, kwa sababu somo kubwa namna ile halifundishwi kwa koo tupu, na bajaji iliyotubeba mimi na spika ikapata pancha njiani, saa tatu nzima zikapotea.

Nafika, nakuta turubai limeshafungwa. Nitasema ukweli, nilifurahi. Nikajua watu wamehamasika. Makochi ya shangazi yako nje, majamvi ndani, wanawake wanapepeta mchele, masufuria makubwa yako mekoni, na jirani yetu Msukuma, mzee Masanja, alikuwa ameshaleta mbuzi na mbuzi ameshachunwa. Hakuna aliyemwagiza mwenzake. Mmoja alisikia kilio akamwambia wa pili, wa pili akaleta kuni, na nyumba ikawa imegeuzwa nje ndani.

Ndipo nikasikia shangazi anaita, "Deo, Deo wangu, umeniacha na nani?"

Nikaingia ndani mbio. Wale watatu walikuwa wamekaa vile vile, kimya, waaminifu kwa maagizo yangu. (Mwenyekiti aliniambia baadaye, "Sisi tulijua anaigiza. Tukasema huyu mama ana kipaji.") Nikawasha spika nikatangaza, "Jamani, Deo hajafa, ile ilikuwa seli." Mnadhani walinisikiliza? Mzee Masanja akasema kwa upole, "Mshikeni huyo, uchungu umempanda kichwani," na vijana wakanishika, na mama mmoja akanimwagia maji kichwani, ya baridi.

Mwenyekiti alipoona hali ile akasimama akakiri kila kitu, lakini shangazi hakutaka maneno ya mtu, alitaka kumsikia mtoto wake. Simu za vijana wa kambini hukusanywa. Mwenyekiti akampigia mdogo wake anayelima mpunga Chita, yule akapanda pikipiki mpaka getini, akawaeleza walinzi, akawabembeleza wamwite Deo, na muda wote huo sisi tumekaa pale, nyama inachemka, hakuna anayenitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Simu ikaita. "Mama, shikamoo."

Shangazi aliinyakua simu kwa mikono yote miwili. Akaikandamiza sikioni.

"Mama? Huku wananiambia nimekufa. Nini kimetokea?"

Akanigeukia mimi. Nilifumba macho nikisubiri kofi, na kofi lingekuwa haki yangu. Badala yake akasema taratibu, "Kumbe ndivyo inavyouma. Na mimi nilikuwa namtayarishia mwanangu hiki hiki, aje aambiwe na watu watatu, hata hajui kama niliugua." Kisha akarudi kwenye simu, mbele ya jumuiya nzima, mbele ya mzee Masanja na mbuzi wake, akasema, "Deo, mama yako ana uvimbe kwenye titi. Jumatatu naenda hospitali."

Alienda kweli. Uvimbe ulitolewa, dawa anaendelea nazo, na kama zitashinda bado hatujaambiwa. Daktari alipotaka kumchorea seli kwenye karatasi alimkatiza, "Wewe nitibu tu, baba, ya kuigiza nilishaonyeshwa nyumbani." Mbuzi tulimla siku ile ile, majirani hawakubakiza hata mfupa. Mimi nimerudi kwa viluwiluwi wangu, na nikiwa na jambo la kumweleza mtu namwambia yeye mwenyewe kwanza, kwa mdomo, tena nikiwa peke yangu.