Kikopo cha Mkwe

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kukusanya makohozi. Kabla yake nilikuwa karani wa shamba la mkonge, mpaka shamba lilipopunguza watu nikarudi kulima mahindi. Serikali ya kijiji ilipotafuta mtu mwenye baiskeli, anayeandika mwandiko unaosomeka na asiyeona kinyaa, wakanitaja mimi. Kijiji chetu kiko upande wa Handeni, ndani kidogo kutoka Kabuku, pale mashamba yanapoishia na malisho ya Wamasai yanapoanzia.

Zamani kwetu mtu aliyekohoa muda mrefu aliambiwa aende Korogwe akapimwe kifua kikuu. Kwenda Korogwe si jambo la asubuhi moja. Ilibidi mtu awe na nauli, awe na wa kumwangalizia mbuzi, awe na ndugu huko Manundu wa kumlaza, maana walitaka makohozi ya siku ile na mengine ya kesho yake alfajiri. Wengi hawakwenda. Walikunywa dawa ya maji ya dukani, wakachemsha majani, wakakonda. Tukawazika na kusema ilikuwa pumu, au vumbi la mkonge.

Baadaye utaratibu ukageuzwa: mgonjwa abaki nyumbani, makohozi ndiyo yasafiri. Kule Korogwe ikaja mashine inayotoa jibu siku hiyohiyo. Mimi nikapewa vikopo vyenye vifuniko vya kuzungusha na kisanduku cha kutunzia baridi. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikapeleka vikopo zahanati, bodaboda akavichukua mpaka Korogwe, na jibu likarudi kwenye simu ya muuguzi. Watu ambao hawajawahi kuvuka barabara kuu ya Segera wakawa wanapimwa na mashine ileile inayowapima watu wa mjini.

Kabla ya kuanza tulifundishwa pale Kabuku. Mafunzo yenyewe yalikuwa mafupi. Mtu akiamka asukutue mdomo, avute pumzi ndefu, akohoe kutoka chini kabisa, ateme, afunge. Ukipokea kikopo, kiinue kwenye mwanga ukitazame. Makohozi ni mazito, yana rangi, yanavutika. Mate ni maji yenye povu. Ukiona mate, rudisha kikopo, mwambie mgonjwa arudie. Mashine haiwezi kuona kilichobaki kifuani, inaona ulichokiletea.

Sheria hiyo niliifuata. Nilirudisha kikopo cha mwenyekiti wa kitongoji, na nilirudisha cha mke wa shehe. Mfugaji mmoja mzee, ambaye boma lake lilikuwa mwisho wa njia yangu, alinipokea kwa dhihaka kila nilipofika.

"Mzee, wenzako wakija hapa wanaomba maziwa," alisema. "Wewe umesoma mpaka sekondari, unakuja kuomba mate."

"Mate baki nayo," nikamjibu. "Mimi nataka kilichoko kifuani."

Alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa nikamsogezea kikopo. Akatema humo huku wake zake wakimcheka. Alikutwa na ugonjwa, akanywa dawa, akapona. Baada ya hapo nilijiona mtu wa maana kidogo. Nikikaa dukani na wenzangu nilikuwa nawaambia kwamba mashine ya Korogwe haikosei. Walilizoea hilo neno, wakawa wanalisema wao kabla yangu.

Mke wa mwanangu alianza kukohoa baada ya mavuno. Mwanangu anaendesha bodaboda Korogwe, amepanga chumba Manundu, na mkewe alikuwa akiishi kwetu na mtoto wao mdogo. Alikuwa Msambaa wa milimani, mwembamba tangu zamani, hivyo kukonda kwake hakukuonekana upesi. Nilianza kukisikia kikohozi chake kupitia ukutani. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kutofautisha vikohozi, na kile nilikijua.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Mkwe hushughulikiwa kwa heshima. Mke wa mwanangu hakula mbele yangu, nami sikuingia chumbani kwake, sikugusa ndoo yake ya kuogea, sikukaa alipotoka kukaa yeye. Akiniletea maji alipiga goti, akaweka chini, akaondoka bila kugeuza uso. Neno lake likinihusu lilipitia kwa mama mkwe wake, yaani mke wangu, na langu lilirudi kwa njia hiyohiyo. Vijana wa siku hizi wameanza kuziacha hizi desturi, lakini nyumbani kwangu sikuwa nimeziacha, na nilipenda watu walione hilo. Kitu kinachotoka mwilini mwa mkwe, hata nywele zake zilizobaki kwenye kitana, si cha baba mkwe kukitazama.

Nilimwambia mke wangu ampe kikopo, nikamweleza vizuri namna ya kukitumia. Angeweza kukipeleka mwenyewe zahanati kwa muuguzi. Hilo niliwaza, nikaliacha. Zahanati ingejulikana mara moja kwamba nyumbani kwa mkusanya makohozi kuna mtu anapimwa, na watu wangesema mengi kabla ya kuniuliza mimi. Nilitaka kikopo chake kipite kwenye kisanduku changu kimya kimya pamoja na vingine.

Asubuhi nilikaa nje kama kawaida, kwenye kigoda changu, na kigoda changu hukaa karibu na dirisha la chumba chake. Hakuna aliyeniambia nihame. Sikusikia mtu akikohoa. Baada ya muda mke wangu akatoka na kikopo amekifunika kwa upindo wa kanga, akaniwekea mkononi akitazama pembeni.

Nikakiona. Sikukiinua kwenye mwanga, haikuhitajika. Yalikuwa maji yenye povu, machache, kama ya mtu aliyetema taratibu ili asisikike.

"Yanatosha?" mke wangu akauliza.

Angekuwa mtu mwingine ningesema hapana. Ningesema arudie, avute pumzi, akohoe. Lakini kusema hivyo kungekuwa na maana kwamba nimetazama, na kwamba nimepima kwa macho yangu mate ya mke wa mwanangu, na kwamba sasa namtaka akohoe kwa nguvu na mimi nikisikiliza. Nilisema yanatosha. Nikazungusha kifuniko na kukiweka kwenye kisanduku.

Jibu lilirudi kwamba hakuna vimelea. Muuguzi aliniambia kwa furaha, akanipa mkono. Alisema pia kwamba kama kikohozi kitaendelea arudishwe. Nilimpigia mwanangu simu nikamwambia mkewe hana TB. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia, kwa sauti ya dukani, kwamba mashine haikosei.

Tangu hapo kila mtu alifanya alichopaswa kufanya mtu anayejua kwamba si TB. Zahanati walimpa dawa za nimonia, akazimaliza. Mke wangu alimpikia supu ya kuku. Mwanangu alikuja na kumchukua, akampeleka kwa mganga huko ndani Handeni, kwa sababu kama hospitali imesema hakuna kitu na mtu anazidi kukonda, basi kuna mtu. Waliporudi alikuwa na hirizi shingoni na chale kifuani. Mimi nilikuwepo na nikaona. Nilikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyejua kwamba hajapimwa.

Niliendelea kupita na baiskeli. Niliwarudishia watu vikopo vyao. Kila asubuhi nilijiambia kwamba nitamwambia mke wangu wampime tena, na kila asubuhi ilikuwa vigumu zaidi, kwa kuwa ingebidi kueleza kwa nini sikusema ile ya kwanza. Mtoto wake akawa ananyweshwa maziwa ya mbuzi.

Alipotema damu mke wangu ndiye aliyepiga kelele. Mwanangu alikuja na gari la mtu, tukampeleka Korogwe. Pale hospitali hawakujali nani ni mkwe wa nani. Walimketisha uani, wakampa kikopo, wakamwambia akohoe, akakohoa mbele yetu sote, mbele yangu, na hakukuwa na yeyote aliyegeuka. Jibu lilitoka kabla jua halijapinda. Ilikuwa TB, na picha ya kifua ilionyesha kwamba imekula sana. Alianzishiwa dawa hapohapo.

Niliachwa naye siku moja, mke wangu alipokwenda kuchukua uji na mwanangu alipokwenda kuangalia pikipiki yake. Nilikaa mbali, upande wa miguuni, na barakoa usoni. Hatukuwahi kuwa peke yetu chumba kimoja tangu aolewe. Alikuwa amegeukia ukuta, nikadhani amelala.

"Baba," akasema. "Kile kikopo cha kwanza ulikiona?"

"Nilikiona."

"Yalikuwa mate."

"Nilijua."

Alivuta pumzi. Kila pumzi ilikuwa kazi.

"Ulikuwa umekaa dirishani, nikaona aibu kukohoa," akasema. "Nilidhani utakirudisha. Nikasema kikirudi, nitajua Baba ameruhusu. Nikakingoja."

Ningeweza kumwomba radhi, maneno nilikuwa nayo, lakini nilitazama mlango kama uji unakuja. Ulipokuja nikatoka nje.

Dawa zilianza kazi kwa kuchelewa. Alifariki hapohapo Korogwe, mvua za vuli zikiwa zimeanza, na tulimpeleka kwao milimani kumzika kwa sababu wazazi wake waliomba hivyo. Njia ilikuwa na matope. Baba yake alinipa pole, akanishukuru kwa kumpeleka binti yake kwenye vipimo. Niliitikia.

Nyumbani sote tulipimwa. Mke wangu na mimi hatukuwa na ugonjwa. Mtoto alipewa vidonge vya kinga, akavinywa kwa taabu, sasa anasoma chekechea Manundu kwa baba yake. Kisanduku nilikirudisha zahanati mwenyewe. Wakamchagua mama mmoja kijana, mwenye sauti kubwa, anayewakohoza watu uwanjani mbele ya jirani bila haya. Wagonjwa wanaogundulika wameongezeka tangu aanze. Naona ni vizuri.

Mwanangu nilimwambia baada ya arobaini. Alikuwa amekuja na pikipiki kuchukua nguo za mtoto. Nilimkalisha, nikamweleza yote kwa mpangilio: kikopo, povu, mama yake aliponiuliza, nilichojibu. Nilimwambia pia kuhusu mganga, kwamba nilimwacha aende huku nikijua.

Alikuwa akitazama taa ya pikipiki.

"Ulisema mashine haikosei," akasema.

"Haikukosea."

"Basi nimesikia, Baba."

Akafunga mzigo wa nguo kwa mpira, akaujaribu kama umekaza, akaondoka.

Nilitegemea atakata mguu. Hakukata. Anakuja kila mwezi au karibu na hapo, anamletea mama yake sukari na mchele, anamleta mtoto amsalimie babu. Anashuka kwenye pikipiki, anavua kofia, anainama na kusema shikamoo. Nasema marahaba. Ananiuliza habari za shamba, namwambia. Anakula ndani na mama yake. Akitaka kuniambia kitu zaidi ya hapo, anamtuma mama yake aje aniambie, nami nikiwa na jibu nampa mama yake alipeleke.