Unyayo Nilioushona Yeoville

Hili jambo sijawahi kulisimulia hadi mwisho bila kujifunika uso na kanga, ila leo nitajikaza, maana aibu yenyewe sikuletewa na mtu, niliitafuta mwenyewe.

Miaka ile kabla ya korona nilikuwa na cherehani yangu Yeoville, mtaa uliojaa wahamiaji, uani, mlango kwa mlango na kinyozi mmoja wa Bukavu, Papa Bisimwa, mtu mpole asiyepandisha sauti hata mteja akikimbia na kichwa nusu (imetokea). Kila Jumamosi kwake ubishi ulikuwa mmoja tu: lile jitu la manyoya, refu kupita mlango, alilokutana nalo msituni kwao akiwa kijana. Wengine walimwamini, wakimwonyesha kwenye simu video za Wamarekani wanaoyasaka majitu kama hayo; wengine, mimi nikiwa kiranja wao, tulimcheka. "Papa, ilikuwa njaa hiyo," nilikuwa namwambia.

Sasa mimi kutulia sijui. Jumamosi moja kazi hakuna, mvua imenyesha, nikachukua sponji la kochi, nikakata unyayo mrefu kama mkono wangu, nikauvika kitambaa kigumu nikapiga mshono wa zigizaga pembeni usichanike, nikaenda nyuma ya saluni nikaugandamiza kwenye tope mara tatu. Nia yangu tucheke jioni, basi!

Papa akatoka kumwaga maji. Nikasikia ndoo imeanguka.

"Dada Zuhura, kuya! Kuya uone!"

Nikamkuta amepiga magoti topeni, machozi yanamtoka. "Miaka makumi tatu wananiita muongo," akasema. "Hata bibi yangu." (Kwao bibi ni mke.) Hapo ndipo ningesema. Nikafungua mdomo, kikatoka: "Eish, Papa, mkubwa kweli."

Jumapili mchana ua ulijaa, watu wakitoka kanisani wanapitia kwetu, kina mama wamewakataza watoto kwenda chooni peke yao, na mimi dukani natembea mlango hadi dirisha, dirisha hadi mlango, sindano nimeshavunja mbili. Mara akaja mzee mmoja Mzungu kutoka Randburg, katika wale wanaoyatafuta majitu haya kwa dhati, na mfuko wa unga wa plasta. Akaikoroga na maji, akaimimina kwenye unyayo, tukasubiri igande, akainua, akapangusa. Zigizaga yote imetoka, mshono kwa mshono.

"Huu umeshonwa," akasema kwa Kiingereza, bila hasira.

Ua mzima ukanigeukia. Fundi cherehani pale ni mimi peke yangu.

Wakacheka, jamani! Na walimcheka Papa, siyo mimi. Nikapiga kelele, "Ni mimi! Papa hana kosa!" kicheko kikazidi.

Papa Bisimwa akajipangusa magoti. "Hii umeifanya wewe," akaniambia. "Ile ya msituni nilionaka miye." Akaingia ndani akafunga mlango.

Wiki tatu akawa anaitikia salamu yangu tu, hakuna zaidi. Jumamosi ya nne sikuvumilia, nikaingia, nikakaa kwenye benchi la wateja, nikamwomba msamaha, kisha nikamwomba anisimulie tena. Akasita, akasimulia. Kumbe mwishoni lile jitu lilimtazama, likaogopa, likakimbia. Hatukuwahi kulisikia hilo kwa sababu tulikuwa tunaanza kucheka mapema.

Siamini hadi leo, na nimemwambia hivyo usoni. Ila nimeapa: nikibisha, nitabisha kwa mdomo, na mikono nitaikalia.