Uji Niliowamwagia Kuku

Kwetu Rumonge, nchini Burundi, mtu hakupi kinywaji bila kukionja mbele ya macho yako. Hupiga funda moja, humeza, ndipo hukukabidhi. Ni adabu iliyozaliwa na hofu: anayeonja anakuapia kwamba hamna sumu. Mimi nilizaliwa uhamishoni Tanzania, na huko tulikunywa tu.

Tuliporudi, mimi na mume wangu, tulikuta shamba la baba linalimwa na familia nyingine. Hawakuliiba, walipewa na serikali sisi tukiwa mbali. Wakubwa wakaligawa katikati, ikapandwa minyaa kuwa mpaka. Michikichi mizuri iliangukia upande wao, nami kila asubuhi niliitazama kana kwamba ningeihamisha kwa macho.

Mwaka wa pili mume wangu alirudi kutoka sherehe ya posa, akalala, tumbo likavimba. Baada ya wiki tatu nikamzika. Daktari alisema ni ini. Watu walisema ni sumu. Mimi niliwaamini watu, kwa sababu ini huwezi kulichukia. Na aliyekuwa akigawa vinywaji kwenye sherehe ile alikuwa mwanamke wa upande wa pili wa minyaa.

Tangu hapo sikula cha mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nyasi zote niliziona nyoka. Waliokuja kunipa pole na vyungu vyao walivirudisha vimejaa, na baada ya muda wakaacha kuja. Ni nani angewalaumu? Nilikaa na kuku wanne na redio isiyo na betri.

Kanisani nilikwenda, lakini nilikaa benchi la nyuma. Nyimbo zilikuwa za Kirundi na Kirundi changu kilikuwa cha kambini, basi nilifungua mdomo bila sauti. Jumapili ya Meza ya Bwana nilitoka kabla ya mkate. Kanisa letu lina kikombe kimoja, kinapita mkono kwa mkono, na mzee wa kanisa hutuonya kwamba mwenye ugomvi na jirani asikiguse. Jirani yangu wa ng'ambo ya minyaa alikinywea benchi la tatu. Miaka miwili nilimwona kisogo.

Nyumbani niliomba kwa Kiswahili: Mungu, nipe mtu mmoja tu. Sikujibiwa. Nikafikiri labda Mungu wa hapa husikia Kirundi peke yake. Nacheka sasa, lakini siku zile nilikuwa nimeanza kuongea na sufuria, na niliogopa kwamba nitakufa na wa kwanza kujua watakuwa kuku.

Kisha malaria ikaniangusha. Siku ya tatu mlango ukasukumwa, akaingia yeye, mwanamke wa ng'ambo ya minyaa, na kikombe cha bati cha uji wa mtama.

"Amahoro, mama," akanisalimu. "Siku tatu sioni moshi kwako."

Akaonja, akameza, akakiweka karibu na mkeka. Nilisema murakoze, asante ya Kirundi. Alipotoka nilijikokota hadi nyuma ya nyumba nikaumwaga. Kuku wakaukimbilia. Niliwatazama mpaka jioni nikingoja wafe. Hawakufa. Asubuhi mmoja alitaga yai. Hata hivyo sikwenda kumshukuru. Kikombe nilikiacha kwenye minyaa, kimeoshwa.

Miezi michache baadaye binti yake wa pekee alifariki akijifungua, pamoja na mtoto. Waombolezaji walijaa uani kwake, wakalala, wakaimba, wakaondoka. Nilikuwa upande wangu nikisikiliza. Ninaijua siku nyumba inaponyamaza, ndiyo mbaya kuliko ya mazishi. Asubuhi ile sikuona moshi kwake.

Nilipiga magoti, na kwa mara ya kwanza sikuwa na ombi. Niliona aibu tu. Mtu mmoja niliyemwomba kwa Mungu alikuwa ameletwa hadi mkekani kwangu, nami uji wake niliwamwagia kuku. Nikasema, Bwana, uji ukimwagika hauzoleki, lakini unga bado upo. Nikawasha moto.

Nilipovuka minyaa na uji nilimkuta ameketi sakafuni, kitenge cha binti yake mapajani, midomo imekauka. Nikainua kikombe changu nionje.

"Usionje," akasema. "Lete tu."

"Ni desturi."

"Kama niko nakuogopa, ningeingia kwako na uji?"

Ningeweza kunyamaza, kusingekuwa na mtu wa kunidai. Lakini nilikuwa nimechoka kukaa na lile jambo peke yangu.

"Mama, ule uji wako sikuunywa. Niliumwaga. Nilikuogopa tangu mume wangu afe."

Aliinua uso kunitazama. Macho yake yalikuwa yamevimba, nikajiona mjinga kumletea dhambi yangu siku kama ile.

"Nilikuonaka," akasema. "Nilisimama pale kwa minyaa. Kuku zako zilikula yote."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Uliogopa. Mimi pia ningeogopa."

Akakichukua kikombe, akanywa polepole, machozi yakimtiririka bila sauti. Alipofika nusu akaacha, akanisogezea.

"Kunywa na weye. Yako ya kwanza kuku zilikunywa."

Nikakipokea mkononi mwake, kikiwa bado cha moto, nikanywa.