Sauti Iliyotoka Nyumbani Kwetu

Kazi yangu ni kusikiliza uvumi. Watu hushangaa kwamba mtu analipwa mshahara kwa hilo, nami siku nyingine hushangaa pamoja nao. Natafiti kwa nini akina mama wa Malindi na Kilifi huwakatalia watoto wao chanjo. Wasaidizi wangu hukusanya ujumbe wa sauti unaozungushwa kwenye WhatsApp, nami huketi ofisini Kilifi nikiusikiliza. Nilidhani masikio yangu yameshakuwa sugu.

Asubuhi hiyo nilifungua sauti iliyotoka Malindi mjini. Mwanamke alianza kwa salamu ndefu, akawaombea wagonjwa dua, kisha akasema: "Wanangu, chanjo hii wanayokuja kuwadunga wasichana shuleni, musiikubali. Yafunga kizazi. Mimi sisemi ya kuokota njiani. Nimedokezwa na mtu wangu, alo mumo humo kazini mwao."

Niliirudisha mwanzo, nikaisikiliza tena. Ile ilikuwa sauti ya mama yangu mzazi.

Na mama yangu si mtu wa kupuuzwa. Yeye ni somo, ndiye huwafunda maharusi wa mtaa wetu, na wanawake waliopita mikononi mwake, hata wenye wajukuu sasa, akiwaambia jambo hawaulizi mara mbili. Tena ndiye anayemlea binti wa marehemu dada yangu. Chanjo ile ilikuwa inamngoja mtoto shuleni kesho yake. Ni chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, na saratani hiyohiyo ndiyo iliyomchukua mama yake. Nilijiuliza mama amepatwa na nini, maana yeye ndiye aliyemuuguza dada mpaka pumzi ya mwisho.

Mchana nilikuwa Malindi. Nilimkuta jikoni akichambua mchicha. Hata shikamoo niliisahau.

"Mama, ni nani aliyekwambia chanjo yafunga kizazi?"

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Si wewe?"

"Mimi?"

"Wewe. Siku ya Idi, uliketi papo hapo. Ukaniuliza, mama, umesikia watu wakisema chanjo ya wasichana yafunga kizazi? Nikakwambia, wauliza kwani? Ukanambia, nataka kujua tu. Mwanangu, mimi kazi yangu kufunda watu. Nifumbiwe na mwanangu nisifumbue?"

Nilikaa kwenye kibao cha jikoni.

Kwetu binti hamwambii mama yake mambo ya uzazi kinywa wazi. Hupitia kando, akauliza jambo kama la kupita njia, na mama akaelewa. Mimi mwenyewe nilipopata mimba ya kwanza sikumwambia. Nilimuuliza tu kama ni kweli harufu ya vitunguu huweza kumchefua mtu, naye kesho yake akanunua kitambaa cha nepi. Sasa lile swali la utafiti, nililojivunia kwamba halimsukumi mtu upande wowote, mama alilipokea kama onyo la siri kutoka kwa bintiye. Nikakumbuka kwamba nimeliuliza swali hilo nyumba kwa nyumba, Malindi hadi Mnarani, kwa wanawake waliolelewa kama mimi.

"Mama," nikasema, na aibu ilinichoma, "sikukufumbia. Chanjo haifungi kizazi. Yazuia ugonjwa uliomuua dada. Ugonjwa wa kule. Lau dada angaliipata akiwa mdogo, huenda tungalikuwa naye."

Hatukuwahi kuutaja hivyo ndani ya nyumba ile. Mama aliuweka mchicha chini.

"Ungalisema hivyo siku ile," akasema. Alikubali mtoto achanjwe. Nilipomwomba awatume wanawake wake sauti nyingine ya kuikanusha ile, akasema ataituma akishamwona mjukuu wake yu salama. Sikutaka kumsukuma zaidi.

Kesho yake tulimsindikiza shuleni, mama akiwa amemshika mkono njia nzima. Muuguzi alikuwa darasani na sanduku lake la barafu. Mtoto akakunja uso, akadungwa, ikaisha. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Madawati yalikuwa matupu.

"Wenziwe wako wapi?" mama akamuuliza mwalimu.

Mwalimu alikuwa kijana wa bara, mgeni mjini, hamjui mama. "Wazazi wamewazuia, mama. Kuna sauti ya mtu fulani inazungushwa. Hebu sikia."

Nilinyoosha mkono kumzuia, lakini alikuwa ameshabonyeza. Salamu ndefu ikajaa darasa zima, kisha dua za wagonjwa. Mama alivuta mtandio akajifunika mdomo.

Mtoto, pamba ikiwa bado mkononi, akainua kichwa.

"Bibi," akasema, "si wewe huyo?"