Kidonge Nilichompa Mama Kule Muze

Nakumbuka siku moja ya kuvuna mpunga kule Muze, mwanangu, siku ambayo nusura nimuue mama yangu kwa mikono hii unayoiona. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sisi ni watu wa huku juu, wa baridi, wa mahindi na ulezi, lakini mwaka ule mama alipata kipande cha shamba bondeni, huko Muze. Tukashuka wawili, tukakaa kwa mjane mmoja, Mama Oliva, mtu mkarimu sana.

Joto la Muze lilimshinda mama. Tangu asubuhi jasho lilimtiririka, na maji ya kule hakuyapenda, alisema yana chumvichumvi. Akawa anakunywa kikombe kimoja asubuhi na kingine jioni, basi. Kisha tumbo likamwendesha siku mbili, na ugali akawa anaudonoa tu. Siku ya tatu, tukiwa shambani, nilimwona ameinuka baada ya kuinama kukata mpunga, akafumba macho na kunyoosha mkono kama anayetafuta ukuta. Alisema ameona giza. Akikaa linapita, akisimama linarudi.

Nilipomweleza Mama Oliva, alisema hata yeye ilimwanza hivyohivyo, ni presha. Dawa zake alipewa hospitali, akawa anazinywa kila siku. Akanipa vidonge viwili, cha asubuhi na cha jioni. Sikuuliza ni presha ipi. Sikujua hata kwamba kuna ya kupanda na ya kushuka. Kesho yake baada ya chai nikampa mama kile cha kwanza. Aliniuliza dawa ya nini, nikamjibu ya presha, akameza. Alimeza kwa sababu aliyempa ni mimi.

Kabla jua halijapanda sana alitaka kwenda chooni. Alisimama, akapiga hatua mbili, akaanguka mlangoni.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Katika joto lile ngozi yake ilikuwa ya baridi, imelowa jasho. Midomo imepauka. Alipofumbua macho aliniita kwa jina la dada yake ambaye tulikuwa tumeshamzika. Nikapiga kelele kuwaita majirani.

Majirani walimbeba kwa kitanda hadi zahanati. Mimi nilifuata nyuma, kile kidonge cha jioni nimekifunga kwenye pindo la kanga. Nesi, mama wa makamo, alimpima presha, akarudia kupima, akamnyanyua miguu na kuiegemeza juu ya gunia lililokunjwa. Kisha akanigeukia.

"Kuna dawa yoyote amekunywa leo?"

Nikasema hapana.

Ndiyo, nilidanganya. Niliwaza baba atasema nini, ndugu watasema nini, nikawaza na polisi. Nesi alimtundikia dripu huku akisema peke yake kwamba presha iko chini mno na kuhara tu hakuwezi kuishusha namna ile. Mama alikuwa anapumua harakaharaka, pumzi fupifupi. Nikazisikiliza pumzi zile, na kila moja niliiogopa kuwa ya mwisho. Ndipo nikafungua pindo la kanga, nikakiweka kidonge mezani.

Alikitazama, akanitazama. Hakunigombeza. Alisema kwa sauti ya chini, "Hii ni ya kushusha presha. Ya mama yako ilikuwa imeshashuka."

Lori la mpunga likatupandisha mlimani kwenda hospitali ya mjini, nesi akiwa ameshika chupa ya dripu. Kila kona niliweka kiganja puani mwa mama kuona kama bado anapumua. Nilisali rozari bila rozari, nikichanganya maneno.

Alipona. Siku ya pili aliweza kukaa na kunywa uji. Tulipobaki wawili nikamwambia yote. Akasema, "Habari ya kidonge nimekuelewa, hukujua. Lakini nesi alipokuuliza, ulikuwa unangoja nini?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo.

Ndiyo maana wiki iliyopita, ulipotoka kwenu ukaja kuniomba kidonge changu cha presha umpelekee baba yako, nilikunyima, nikakuambia akapimwe kwanza. Najua ulinuna. Nuna tu, mwanangu, lakini unisikilize. Kizunguzungu hakikuambii presha imepanda au imeshuka, kipimo ndicho kinachosema. Dawa ya mwenzako ni ya mwenzako, hata kama mnaugua kitu chenye jina moja. Ukiwa juani, au tumbo likikuendesha, kunywa maji kabla hujaona giza. Ukiamka usikurupuke, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu ipate habari. Na mtu akizimia, mlaze chali, mnyanyue miguu, usimmiminie kitu mdomoni. Akiwa wa baridi, anapumua haraka au anaongea yasiyoeleweka, usikae kusubiri, mwite wa bodaboda na mtu wa kumshikilia nyuma, au gari likipatikana ndiyo vizuri zaidi. Kama dawa za presha alizoandikiwa mtu zinamlegeza, asiziache kimyakimya, arudi kwa daktari aseme. Hata chumvi ya kupandisha presha asijiongezee kwa kusikia kwa watu.

Na ukiulizwa mgonjwa amekunywa nini, sema. Sema hata kama unatetemeka, hata kama kosa ni lako na baba yako amesimama hapo anasikia. Aibu utaishi nayo. Mimi nimeishi nayo.

Mungu akupe macho ya kuona mapema na ulimi usioogopa kusema kweli. Wazazi wako wakae nawe miaka mingi, na mikono yako isiwape chochote ila uzima.