Paa Nililoliacha Ibra

Nyumba ile ya Ibra, mji wa bara ya Omani, aliijenga baba wa babu yangu kwa mali ya karafuu. Mwenyewe alikaa humo miaka michache tu, kisha akarudi Unguja akafia huko. Mimi nilizaliwa Unguja, na nyumba niliiona mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, katika miaka ya sabini, tulipofika Omani na kila mtu akatwambia tumerudi, ilhali mimi sikuwahi kutoka huko.

Aliyenifungulia mlango ni shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba. Alipelekwa Ibra bibi harusi, akafiwa na mume, hakujaaliwa mtoto, akabaki peke yake katika jumba la ghorofa mbili. Kiarabu chake kilikuwa cha Ibra khasa, lakini Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha mjini cha enzi zake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Inama hapo. Mlango umewekwa mfupi makusudi, adui akiingia aingie kainama."

Siku ile alinitembeza nyumba nzima. Chini palikuwa na sabla, chumba cha wageni wanaume, chenye vidaka vya kuwekea vitabu na mabuli ya kahawa. Nyuma yake ilikuwa ghala ya tende, sakafu yake ina mifereji ya kuchuruzia asali ya tende. Akanionyesha mlango uliozibwa kwa mawe: ndugu wawili waligombana, wakajenga ukuta katikati, wakaishi mgongo kwa mgongo mpaka mmoja akafa.

Juu kilikuwa chumba chake, nikainua kichwa kulitazama dari. Boriti zilipakwa rangi nyekundu na nyeusi, zikaandikwa aya za Qur'ani. Zilikuwa mikoko ya Rufiji, zikateremshwa bandarini Sur, zikaja Ibra juu ya ngamia.

"Unaona vyumba vyote vyembamba?" aliniuliza. "Si uchoyo. Boriti ndiyo inayosema chumba kiwe na upana gani."

Juu ya boriti zilipangwa fito za mtende, mikeka, na udongo uliopigwa ukashikana. Paa la namna hiyo linataka kukandikwa upya kila mwaka kabla ya mvua, na mlizamu wa kutolea maji uzibuliwe. Mwaka wa kwanza tulifanya pamoja, yeye kakaa ngazini akinielekeza. Mwaka wa pili nikapeleka vibarua.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa ofisi ya ujenzi ya serikali, na nimejenga nyumba ya matofali ya saruji upande wa barabara kuu, yenye eyakondishan. Nilimtaka shangazi ahamie kwangu. Ningependa kusema nilimwonea huruma, na huruma ilikuwepo. Lakini zaidi niliona haya. Watu msikitini waliniuliza mkubwa wako yu wapi, nami nalala kwenye baridi na yeye yumo kwenye udongo. Kila nikimwambia, alijibu, "Nikihama, nani atakaa hapa?"

Mwaka wa tatu nilipanda mwenyewe. Mlizamu ulikuwa umeziba kwa kiota cha njiwa na matope, na pembeni yake pana ufa nikautia vidole vinne. Kazi yangu ilikuwa kukagua majengo, nilijua nilichokiona. Nikakaa pale juu kitambo, nikaitazama mitende, nikawaza kwamba paa likivuja sana atakubali kuhama bila ya mabishano. Nikashuka.

"Vipi juu?" akaniuliza.

"Salama, shangazi. Nitakuja Alhamisi kupitisha udongo kidogo."

Alhamisi ile sikwenda, wala zilizofuata.

Mvua ilinyesha siku ya kazi, alasiri. Wadi, lile korongo la mto mkavu, likajaa, nikangoja ng'ambo ndani ya gari mpaka maji yalipopungua. Nilipofika nilimkuta jikoni chini pamoja na jirani, kahawa bado imo mikononi. Jirani alikuja kujikinga mvua, ndipo shangazi akashuka kumpikia. Chumba cha juu dari lote lilikuwa limelala juu ya kitanda chake. Nikaona kipande cha aya nyekundu kimetokeza matopeni, nikakiokota, nikakipangusa kwa kanzu.

Alihamia kwangu na sanduku moja. Watu walikuja kunipongeza kwa kumpokea mzee wangu. "Allah akujaze kheri," wakasema, nami nikaitikia amin.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, tukinywa chai, nilishindwa kuendelea. Nikamwambia yote: kiota, ufa, na nilichokiwaza kule juu. Alinisikiliza hali anavunja mkate vipande vidogo.

"Niliuona ule ufa," akasema. "Ulikuwa unaingiza jua chumbani kwangu."

"Sasa mbona hukumwita fundi? Fundi yupo mlango wa pili!"

"Ningemwita. Lakini wewe ulisema utakuja Alhamisi."

Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonichoma. Akaniomba nimsogezee sukari.

Mwezi ule ule nilimchukua fundi mzee wa udongo tukaenda kuitazama nusu iliyosalia. Alizigonga kuta kwa kiganja, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kuta zimeshakunywa maji, akasema, ukizipandishia paa zitaangukia mafundi. Nikamlipia siku yake nikamrudisha kwake.

Shangazi alikaa nasi miaka miwili akafariki. Mara moja tu aliniomba nimpitishe kule. Nilisimamisha gari mbele ya mlango, nikazunguka nimshike mkono ashuke. Akasema hapana, hapa panatosha. Akatazama kupitia dirisha la gari muda mrefu, kisha akaniuliza kama tutawahi adhuhuri nyumbani.