Uzi Mwekundu Kwenye Sufuria

Saverio Tripodi alikuwa bahili wa mbegu. Naishi mkabala naye hapa Thomastown, pembeni mwa Melbourne, tangu tulipokuja kutoka Calabria, Italia, tukiwa vijana, na sijaona mtu mwingine mwenye bustani nzuri hivyo na roho ndogo hivyo.

Nyanya zake zilikuwa zile za moyo wa ng'ombe, nyama tupu, mbegu chache. Mbegu alikuja nazo ndani ya pindo la koti. Alisema Melbourne nzima hakuna nyanya kama hizo, na alijitahidi kuhakikisha hivyo. Ukimtembelea Februari, alikupa nyanya mbichi ambayo mbegu zake hazijakomaa. Ukimtembelea Machi, alikupa iliyopikwa. Siku ya kutengeneza sosi, maganda na mbegu aliyamwagia maji ya moto kabla ya kuyafukia. Nyanya bora chache alizifunga uzi mwekundu wa sufu, zibaki mtini mpaka ziive kabisa, azitoe mbegu za mwaka unaofuata. Akishapanda, zilizobaki alizitia motoni, asije mtu akaziomba.

Sisi wengine tulipeana mbegu juu ya ua kama tulivyopeana umbea. Mke wake, Nunzia, alikuwa akisimama hapo uani na aproni yake, akicheka na wanawake. Saverio alimwita ndani kila mara.

Nunzia alifariki majira ya baridi. Kiangazi kilichofuata magoti ya Saverio yakagoma, na siku ya sosi mwanawe Renzo akaja kusaidia. Huyu Renzo nyumbani kwake ametandika nyasi za plastiki. Anazipiga maji ili zisipate vumbi.

"Nivune zipi, baba?"

"Zote. Usiache hata moja. Mkono wa jirani Assunta ni mrefu, unavuka ua."

Renzo akavuna zote. Nilikuwa pale nikikoroga, nikamwona Saverio akichungulia sufuria kubwa iliyokuwa ikitokota. Uzi mwekundu ulikuwa unaelea.

"Huu umefuata nini humu?"

"Nilidhani umezitia alama zilizo tamu, baba."

"Ziko wapi?"

"Si hizo, zinachemka. Ulisema zote."

Saverio akaketi kwenye kreti. Hakumtukana hata kidogo, na mimi ningemtukana. Mbegu za akiba hakuwa nazo, alikuwa amezichoma mwenyewe kama kawaida yake.

Hewa ikaanza kupoa. Aling'oa mabua, akafunga miti ya kuegemezea, akapanda vitunguu saumu kwa mistari iliyonyooka, lakini tuta la nyanya aliliacha tupu. Sosi nayo hakuila. Siku moja mwezi wa Aprili akavuka kwenda kwa Assunta, jirani yake wa ua kwa ua, akanivuta na mimi kama shahidi.

"Dada Assunta," akasema, "umeniibia nyanya mara ngapi?"

"Sijakuibia hata mara moja."

"Sema kweli. Sitakasirika."

"Makubwa haya. Mtu anaomba aibiwe."

"Hata moja? Iliyoegemea upande wako?"

Sijawahi kuona mzee akitamani hivyo jirani yake awe mwizi. Assunta akamtazama, akafuta mikono, akatupeleka nyuma ya banda la kuku. Pale kwenye ukuta unaoshika jua palikuwa na mimea mirefu, majani yameanza kukunjamana kwa baridi, na nyanya za moyo wa ng'ombe bado zinaning'inia.

Saverio akaishika moja, asiichume.

"Nani alikupa?"

"Nunzia. Nilipojifungua Pina wangu."

"Pina ana wajukuu."

"Ndiyo hivyo."

"Na nani mwingine?"

"Muulize huyo," akasema Assunta, akinielekeza kidole. "Mtaa mzima tulikuwa nazo, kaka. Tulizipanda nyuma ili usizione. Nunzia mwenyewe alituomba, alisema ukijua hutalala."

Mtu mwingine angelia, au angeshukuru. Saverio aliichuma ile nyanya, akaigeuza kwenye jua, akatoa kauli moja tu: "Zangu zilikuwa kubwa zaidi." Kisha akaondoka ameishika kwa mikono miwili.

Alipata mbegu zake. Alizikausha, akazipanda majira yalipofika, na zile zilizobaki akazitia motoni. Niliuona moshi kutoka barazani kwangu. Angejua, asingejisumbua. Mimi na Assunta tumezeeka. Nyumba nyingine za mtaa wamezinunua watu wa aina ya Renzo, wakachimbua matuta na kutandika zege, na nyanya wanaletewa na gari zikiwa ndani ya plastiki, ngumu kama vitasa vya mlango. Hakuna tena mtu wa kumwibia.